Nani Atalala Kwenye Nyumba za Kibosho?

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho siku ya kawaida ya mwezi Mei, utapita mageti mengi ya chuma yaliyofungwa. Nyuma ya geti kuna nyumba ya vyumba vinne au vitano, bati la rangi, madirisha ya alumini, tenki la maji juu ya mnara, na migomba imeizunguka pande zote. Ndani hakuna mtu. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, au anafanya kazi za zamu ya usiku huko Marekani. Anayeijua nyumba hiyo vizuri zaidi ni kijana wa jirani anayelipwa kidogo ili awashe taa ya barazani jioni na kuizima asubuhi.

Miaka ya karibuni nyumba hizi zimeanza kuzungumziwa kibiashara. Wenye nyumba wanauliza kama zinaweza kupokea watalii kupitia Airbnb au Booking. Wageni walioshuka Mlima Kilimanjaro wakaiona migomba, mito na hewa ile ya baridi wanauliza bei ya kununua. Na dalali wa Moshi, ambaye hajawahi kukosa jibu, humwambia kila mmoja kwamba inawezekana. Hapo maswali matatu huwa yamefungwa katika kifurushi kimoja: nani anaruhusiwa kununua, ananunua nini hasa, na je, wageni watakuja wa kutosha kulipa gharama? Maoni yangu ni kwamba Kibosho hakuna faida katika kununua nyumba kwa ajili ya wageni, wala katika kuijenga kwa nia hiyo. Faida ipo, tena ndogo, katika kuitumia nyumba ambayo familia ilikwisha kuijenga kwa sababu zake nyingine.

Wazo la nyumba ya kijijini inayojilipia kwa wageni wa likizo limekomaa zaidi Ufaransa, na huko ndiko watu wengi hulichukua. Waingereza na Waholanzi wamenunua nyumba za mawe za wakulima katika mikoa kama Dordogne, wakazikarabati, wakazipangisha kwa wiki wakati wa kiangazi. Kinachosahaulika ni jinsi mpango huo ulivyoanza. Mtandao wa Gîtes de France ulianza mwaka 1951 kwenye milima ya Basses-Alpes, wakati watu walipokuwa wakihama vijijini na nyumba zikibomoka. Mkulima alisaidiwa kukarabati nyumba yake, naye akakubali kuipangisha kwa familia za mjini zenye kipato cha kawaida. Lengo lilikuwa mwenyeji asihame. Wanunuzi kutoka nje walikuja baadaye.

Kwa mnunuzi wa leo, Ufaransa ina njia iliyonyooka. Hakuna katazo la uraia. Mauzo hupitia kwa mthibitishaji wa serikali anayeitwa notaire, mnunuzi ana siku 10 za kubadili mawazo baada ya kusaini mkataba wa awali, na gharama za kuhamisha umiliki wa nyumba ya zamani hufika karibu asilimia 7 hadi 8 ya bei. Hata huko, hata hivyo, mambo yanabana. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, Mwingereza asiye na viza ya kuishi anaweza kuimiliki nyumba lakini hawezi kukaa ndani yake zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Sheria ya Novemba 2024 ilipunguza nafuu ya kodi kwa wanaopangisha watalii na kuzipa halmashauri za miji na vijiji nguvu zaidi za kuwawekea mipaka. Na kuna jambo ambalo Mchaga wa Kibosho angelielewa bila kueleweshwa: sheria ya Ufaransa hairuhusu mzazi awanyime watoto wake urithi wote. Sehemu ya mali ni yao apende asipende, na nyumba nyingi za vijijini huko zimefungwa kwa miaka kwa sababu ndugu watano hawajakubaliana.

Tukirudi mlimani, swali la nani anaweza kununua lina jibu fupi kwa asiye raia: hawezi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitishwa chini ya sheria ya uwekezaji, na hata hapo anachopata ni haki itokanayo na hati iliyo mikononi mwa mamlaka ya uwekezaji. Kibosho, kwa sehemu kubwa, ni ardhi ya vijiji, kwa hiyo inaongozwa pia na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Ili mwekezaji wa kigeni aipate kwa utaratibu huo, ardhi inabidi kwanza itoke kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, jambo linalopita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kufika hadi kwa Rais. Kwa ekari nusu yenye nyumba na migomba, huo ni mlolongo ambao hakuna mwenye akili timamu atakayeuanza.

Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine yuko kwenye kapu hilohilo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyeapa kule amepoteza wa hapa, na mbele ya sheria ya ardhi ni mgeni kama yule wa Dordogne. Hii inawagusa Wachaga wengi kuliko wanavyopenda kukiri. Mtu amejenga kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo, kwa miaka kumi, kila tofali kwa fedha aliyotuma mwenyewe, na siku anapopata pasipoti ya bluu anakuwa amejenga kwenye ardhi ambayo kisheria hawezi kuishika kama raia. Mwishoni mwa mwaka 2024 Serikali ilipeleka bungeni mapendekezo ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, yanayogusa sheria ya uhamiaji na ya ardhi, na hapo ndipo tumaini la wengi lilipo. Ila hadhi maalumu si uraia, na anayetegemea mlango huo aende kwa wakili na karatasi zake mkononi. Barazani kwa shemeji hapatoshi.

Njia ya mkato inajulikana: kuandikisha kwa jina la mtu mwingine. Mzungu huandikisha kwa jina la mke wake Mtanzania au la kiongozi wa watalii aliyempeleka kileleni. Mwenyeji wa ughaibuni huandikisha kwa jina la mdogo wake. Wengine hudumu hivyo kwa amani hadi kufa. Lakini mkataba wa pembeni unaosema mwenye jina si mwenye mali ni karatasi ya kukwepa sheria, na mahakama si mahali pa kuipeleka. Ndoa ikivunjika, au mwenye jina akifariki na warithi wake wakaja na muhtasari wa kikao cha ukoo, aliyelipa hana pa kushika. Kwa raia aliyeoa au kuolewa kuna angalizo jingine: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Muuzaji anayekuja peke yake, akisema mama watoto hana neno, ni wa kuombwa arudi na mama watoto.

Sasa tuseme mnunuzi ni raia, ana fedha, na amempata muuzaji. Ananunua nini? Hapa ndipo pana uzito.

Kihamba ni zaidi ya kiwanja chenye nyumba. Ni ardhi ya ukoo iliyolimwa tabaka kwa tabaka: miringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga chini kabisa, na ng'ombe au mbuzi zizini wanaolishwa majani ya kukatwa ili samadi irudi shambani. Mfumo huu ndio uliofanya watu wengi hivyo waishi kwenye mteremko mmoja bila ardhi kuchoka. Kijiji cha Shimbwe Juu, upande wa jirani wa Uru, kiliingizwa na FAO mwaka 2011 kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani kwa sababu hiyohiyo. Maji ya vihamba yalitoka kwenye mifongo, mifereji iliyochimbwa na koo na kugawanywa kwa zamu, na aliyekosa siku ya kazi ya kuusafisha mfongo alitozwa. Mipaka ni mimea ya masale. Na ndani ya masale hayo kuna makaburi.

Kwa desturi, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, mkubwa hupewa sehemu yake mapema, na wa katikati walitakiwa kwenda kufungua vihamba vipya. Vihamba vipya viliisha zamani. Kahawa ilipokuwa na bei, wa katikati alisomeshwa. Chini ya vyama vya wakulima wa kahawa, KNPA ya mwaka 1925 na KNCU iliyoifuata mwaka 1933, shule na nyumba za bati zilijengwa kwa fedha ya kahawa. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, elimu ile ikawa ndiyo zao. Watoto waliondoka, wakafanikiwa, wakarudi kujenga. Mkoa mzima wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2022, na ukanda wa migomba ndio uliobanwa zaidi. Kwa hiyo nyumba kubwa unayoiona imekaa kwenye kipande ambacho huenda kiligawanywa mara tatu, kila mgao kwa mdomo, mbele ya wazee ambao baadhi yao sasa wamelala humohumo shambani.

Anayenunua hapo analipa bei kwa mtu mmoja lakini anahitaji ndiyo ya watu kumi na tano. Kwanza muuzaji mwenyewe: je, yeye ndiye mwenye ardhi, au ni mrithi mmoja kati ya wengi? Baba akiwa amefariki, pana msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na je, alishafunga mirathi? Pili ukoo. Kikao cha ukoo hakina nguvu ya kubatilisha hati, lakini bila muhtasari wake wenye saini utaona jinsi kila ofisi inavyokurudisha nyuma. Baba mdogo anaweza kukaa kimya vikao viwili, cha tatu akasema: "Mwanangu, nyumba umejenga wewe, hatukatai. Lakini hapo mbele ya dirisha lako amelala babu yako. Huyo mnunuzi atatupokea tukija kufagia?" Hakuna kifungu cha sheria kinachojibu swali hilo. Tatu ni dada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na binti aliyeolewa Machame au aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika anaweza kwenda kwenye baraza la ardhi akiwa na sababu ya kusikilizwa. Nne ni halmashauri ya kijiji, ambayo idhini yake ni lazima haki ya kimila inapohamishiwa kwa mtu asiye mkazi.

Vihamba vingi havina karatasi yoyote. Hati ya haki miliki ya kimila inatolewa, na familia yenye akili inaichukua kabla mzee hajaondoka, lakini wengi wanaridhika na masale. Ndiyo maana mauziano ya mlimani huandikwa kwenye daftari, na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wakagonga mhuri. Karatasi hiyo ina thamani, siidharau. Ila inathibitisha kwamba watu fulani walikuwepo siku fedha ilipohesabiwa. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Mgogoro ukianza utapanda ngazi kutoka baraza la kijiji hadi baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na hakuna mgeni atakayeweka nafasi kwenye nyumba yenye zuio la mahakama.

Anayetaka tu kuendesha biashara afikirie kupanga badala ya kununua. Raia anaweza kuingia mkataba wa pango wa miaka kadhaa na familia, ulioandikwa na wakili na kufika kijijini, akakarabati, akarudisha nyumba muda ukiisha. Makaburi yanabaki ya wenyewe, kitinda mimba anabaki na kihamba, na baba mdogo anakunywa mbege yake bila wasiwasi. Nashangaa kuwa njia hii, iliyo rahisi kuliko zote, ndiyo madalali hawaitaji. Labda kwa sababu kamisheni yake ni ndogo. Tukiwa kwa madalali: amri ya serikali ya Julai 2025 iliorodhesha udalali wa nyumba na ardhi, pamoja na kuongoza watalii, miongoni mwa biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Mgeni anayejitolea kukutafutia wanunuzi wa Ulaya kwa asilimia zake amekwisha kuvuka mstari.

Tuje kwa wageni wenyewe. Kibosho ina bahati ambayo watu wake hawajaifanyia hesabu. Lango la Mweka lipo huku, karibu na kile chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963, na lango hilo ni la kushukia. Wapandaji wa njia ya Machame, wa Lemosho na wa Umbwe, wote hushukia Mweka. Asubuhi ukisimama pale utawaona wakitoka msituni wakichechemea, vumbi hadi kwenye nyusi, wengine wana fimbo mbili na bado wanaomba bega la mpagazi. Vijana wanawangoja na ndoo na brashi kuwaoshea viatu kwa dola chache. Wauza fulana wanawazunguka. Wanasaini daftari, basi la kampuni linawashwa, na ndani ya saa moja wako mjini Moshi kwenye hoteli iliyolipiwa miezi sita nyuma. Wamepita Kibosho nzima bila kulala, na nyingi ya fedha walizoacha ni za kuoshewa viatu.

Sababu si uvivu wa Wakibosho. Safari ya mlima inauzwa kama kifurushi, na ndani yake mna usiku mmoja au miwili ya hoteli kabla ya kupanda na mmoja baada ya kushuka. Anayeamua mgeni alale wapi ni kampuni, na kampuni inataka vyumba ishirini mahali pamoja, karibu na stoo yake ya mahema, karibu na benki, na barabara ambayo basi halitakwama. Nyumba ya vyumba vitatu Kibosho haiwezi kushindana hapo, na haina haja. Wageni wake ni wengine: wanaojipangia safari wenyewe, familia zilizomsindikiza mpandaji mmoja na sasa zinamngoja, wanaojitolea hospitalini na mashuleni, Watanzania wa Dar wanaotafuta baridi, na Wachaga wa ughaibuni ambao nyumba ya kwao imejaa. Njia ya Umbwe inaanzia Kibosho, lakini ni kali na ina watu wachache, kwa hiyo asijenge mtu matumaini juu yake.

Mgeni wa namna hiyo hutafuta mlima dirishani, na hapa hali ya hewa ina ukatili wake. Juni hadi Agosti, ambao ni msimu mzuri wa kupanda kwa sababu mvua imekatika, upande huu wa kusini hufunikwa na wingu zito siku nzima. Aliye juu ya wingu anaona jua. Aliye Kibosho anaona ukungu na kutetemeka. Kilele cha Kibo hujitokeza alfajiri, kisha hupotea. Masika, Machi hadi Mei, barabara za pembeni zinateleza na hata bodaboda hukataa. Miezi ambayo nyumba ya Kibosho inajiuza yenyewe ni Januari na Februari, na Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Nyumba yenye mablanketi mazito, maji ya moto ya uhakika na sehemu ya kuotea moto inaweza kuongeza Juni na Julai kwa kuuza baridi yenyewe kwa watu wa Dar. Wengi wamejenga sebule zenye vigae vyeupe vya mjini na feni darini.

Tufanye hesabu, kwa makadirio yangu ambayo msomaji anaweza kuyabadilisha. Tuseme nyumba ina vyumba vitatu vya wageni, kila kimoja shilingi 80,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Tuseme kwa mwaka zinapatikana siku 90 zenye wageni, kwa wastani vyumba viwili kila siku. Hiyo ni mara 180 ya kuuza chumba, sawa na shilingi 14,400,000. Toa kamisheni ya mtandao kwa asilimia 15, zinabaki 12,240,000. Mtunzaji anayelala pale, 200,000 kwa mwezi, anachukua 2,400,000. Chakula cha asubuhi, kufua na kusafisha, 15,000 kwa kila chumba kinacholaliwa, ni 2,700,000. LUKU, maji, gesi na intaneti, 150,000 kwa mwezi, ni 1,800,000. Rangi, magodoro, mashuka, bomba lililopasuka: weka 1,500,000. Zinabaki 3,840,000 kwa mwaka, na bado hatujagusa leseni, tozo za halmashauri wala kodi ya mapato.

Kama nyumba hiyo imejengwa kwa shilingi milioni 120, faida yake ni asilimia 3.2. Hatifungani za muda mrefu za Serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hazihitaji mlinzi, na haziteleziwi na gari la mgeni masika. Kwa mtu anayeshika fedha taslimu na kuuliza ajenge au asijenge, hesabu imejibu. Lakini mwenye nyumba ya Kibosho ambayo imesimama tangu mwaka juzi hayuko kwenye swali hilo. Milioni 120 zake zilikwisha kuzikwa kwenye saruji kwa ajili ya heshima, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya siku atakayostaafu. Yeye sasa hivi anatuma fedha kila mwezi ili nyumba isioze. Wageni wakimlipia mtunzaji, rangi na umeme, na kubakiza kidogo, amepona gharama ambayo angeitoa mfukoni. Biashara ileile ni hasara kwa mmoja na nafuu kwa mwingine, na tofauti ni tarehe ya kununua saruji tu.

Tena kuna mpangaji asiyetajwa na wanaoota watalii. Chuo cha Mweka kina wanafunzi na wageni wa kozi, hospitali ya Kibosho ina madaktari na wauguzi, shule kama Umbwe zina walimu. Hawa hulipa kwa mwezi, kiasi kidogo, mwaka mzima, na hawaandiki malalamiko mtandaoni kwa sababu jogoo wa jirani amewaamsha saa kumi alfajiri. Kwa nyumba iliyo mbali na lami, mwalimu mmoja na familia yake ni mpangaji bora kuliko ahadi ya Wajerumani watatu. Kwa pango la kawaida kodi ya zuio ni asilimia 10. Anayepokea wageni wa usiku kwa usiku anaingia kwenye kundi jingine, la leseni ya malazi, ukaguzi na tozo ya halmashauri, ingawa VAT haimhusu hadi mauzo yafike shilingi milioni 200 kwa mwaka. Wapo wanaodhani kuwa kwa sababu malipo yamepita kwenye kadi ya Ulaya basi TRA haioni. Mtendaji wa kijiji anaona Noah ya uwanja wa ndege ikipanda kila Ijumaa. Hana haja ya kompyuta.

Kinachobaki ni kitu ambacho hakuna jedwali la hesabu linalokionyesha. Bei ya juu kuliko zote kwa mwaka ni wiki ya mwisho ya Desemba. Wapandaji wanataka kuwa kileleni mwaka mpya, hoteli za Moshi zinajaa, na chumba cha 80,000 kinaweza kuulizwa mara mbili ya hapo. Ndiyo wiki ileile ambayo mabasi ya Dar yanajaa Wachaga, magari yanapangana kuanzia Same, na kila nyumba iliyofungwa tangu Januari inafunguliwa. Ng'ombe au mbuzi anachinjwa, kisusio kinapikwa, watoto waliozaliwa mbali wanaonyeshwa kaburi la babu. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya siku hizo kumi. Mwenye nyumba anayempangisha Mfaransa wiki hiyo, halafu yeye na watoto wakalala kwa kaka yake, amepata fedha nzuri na maneno ya kutosha hadi Pasaka. Wanaoendesha vizuri nyumba zao hufunga kalenda ya mtandaoni mapema, na kukubali kwamba bidhaa yao bora haiuzwi.

Majirani nao wana hesabu yao. Tumeona kilichotokea Lamu, hasa Shela, ambako nyumba za kale zilinunuliwa na Wazungu mmoja baada ya mwingine hadi bei ya ukuta wa matumbawe ikapanda kupita uwezo wa aliyezaliwa humo. Mlimani sheria na makaburi vimetukinga na uuzaji wa namna hiyo, ila havikukinga kihamba na mwenyewe. Anayeandaa nyumba kwa wageni hushawishika kung'oa kahawa na migomba apande nyasi za bustani, ajenge uzio wa tofali penye masale, na kuuziba mfongo uliopita uani kwa sababu unaleta mbu. Jirani wa chini anakosa maji. Na mgeni, ambaye nyasi anazo kwao, anafika na kuuliza migomba iko wapi. KNCU iliwahi kulielewa hili kwa mradi wake wa Kahawa Shamba, wa kuwapokea wageni kwenye mashamba ya wanachama: mgeni anachuma buni, anatwanga, anakaanga, anakunywa. Mama anayemfundisha kumenya ndizi za mtori analipwa siku hiyohiyo. Ukilinganisha na chumba, shughuli hiyo haina kamisheni ya asilimia 15 wala mashuka ya kufua, na inafanyika hata wingu likiwa limefunga.

Kwa hiyo familia yenye nyumba iliyokwisha kusimama, barabara inayopitika, maji ya bomba na mtu wa kwao anayekaa pale, ianze. Ianze na chumba kimoja au viwili, iache kimoja kimefungwa chenye vitu vya mama. Mtu wa kwao anayekaa pale mara nyingi ndiye kitinda mimba, na hapa ndugu wengi hukosea kwa kumfanya mlinzi wa mshahara kwenye ardhi ambayo kwa desturi ni yake. Kaka wa Houston ameweka saruji, mdogo ameweka kihamba, na mke wa mdogo ndiye anayeamka saa kumi na moja kuchemsha maji ya wageni. Waandike makubaliano, kwa Kiswahili, mbele ya baba mdogo: nani anashika fedha za mtandao, nani analipa LUKU, mke wa mdogo anapata asilimia ngapi mkononi mwake mwenyewe, na kaka akichukua uraia wa kule, kipande kitaandikwa kwa jina la nani. Mengine yote, pamoja na picha za kuweka mtandaoni, yanaweza kusubiri wiki inayofuata.